Mkuki wa Mpira na Mawe Mawili

Sauti ya kwanza iliyonitia hofu katika kazi yangu haikuwa mlio wa kiboko, ingawa wengi wenu hukisia hivyo. Ilikuwa jibu. Nilikuwa chini, kifua juu ya mwamba, mkuki mbele yangu, nikimtazama samaki mmoja mkubwa aina ya kuhe aliyesimama juu ya mchanga kwa utulivu wa mwenye nyumba. Juu yangu, katika maji yaliyopauka kwa tope la mvua, mawe mawili yaligonganishwa mara mbili, polepole, kwa maana tuliyokubaliana: nimekusikia, endelea. Lilikuwa jibu sahihi kabisa, lenye kasoro moja tu. Nilikuwa bado sijagonga.

Nimestaafu msimu huu, na ninyi mnaobaki kwenye kituo chetu cha utafiti wa samaki mmeniomba niandike jinsi ya kuchagua vifaa vya kuwindia samaki kwenye mwambao wa ziwa letu. Nitaandika. Ila kifaa cha kwanza cha mwindaji wa chini ya maji ni mtu anayebaki juu, na sioni namna ya kuueleza mkuki bila kumweleza yeye. Habari za vyeo nimeziacha ndani ya mafaili, ambamo zimelala vizuri.

Nilifika kituoni nikiwa na shahada ya uzamili tu. Nilikuwa nimeandika kurasa nyingi kuhusu chakula cha samaki wa miamba bila kumwona hata mmoja wao akila. Mkuu wa kituo alinieleza kazi kwa maneno machache: nyavu hunasa kwenye mawe, zikapasuka, zikabaki huko zikiua samaki ambao hakuna aliyewahitaji; mkuki humchukua yule mmoja uliyemchagua, nawe unajua alikuwa wapi na alikuwa akifanya nini. Kisha akanipeleka ukingoni mwa maji na kuniacha na Mzee Hamisi.

Mzee Hamisi alikuwa mtu wa mtaa wa Buyenzi, fundi wa magari aliyekuwa akiwinda ziwani tangu ujana wake, na kituo kilikuwa kimemwajiri ili afundishe watu wa aina yangu. Alinitazama kuanzia miguuni, kama mtu anayekagua gari lililotumika.

"We ndiye ule mutu wa diploma?"

"Ndiyo, Mzee."

"Unajua kuogelea, ao unajua kuandika kuogelea?"

"Vyote viwili, Mzee."

"Bon. Tutaona kile kitazama mbele."

Tangu siku hiyo aliniita Diploma, na hakuacha hata nilipokuwa msimamizi wa kikosi. Jina langu ni Concilie, nadhani alilifahamu.

Juma hilohilo alinipeleka Asiatique, mtaa wa maduka, kwenye duka la Bwana Nassor, ambaye familia yake ya asili ya Oman imeuza nyavu, ndoano na kamba mjini hapa kwa vizazi kadhaa. Ndani kulinukia lami na katani. Nilijaribu kila miwani ya kuzamia iliyokuwamo. Njia ni hii, nanyi msiibadilishe: ibandike miwani usoni bila kufunga mkanda, vuta pumzi kwa pua, kisha achia mikono. Ikibaki usoni, ni yako. Ikianguka, hata iwe nzuri namna gani, ni ya mtu mwingine. Chagua iliyo ndogo, ambayo kioo chake kiko karibu na macho, maana nafasi kubwa ndani ya miwani hula pumzi ambayo ungeitumia kwa kazi.

"Hamisi," alisema Bwana Nassor kutoka nyuma ya meza, "umeniletea muteja ao mukaguzi? Wallahi, hizi zote sasa ziko na pua yake."

"Mwache," alisema Mzee Hamisi. "Iko anafikiri. Akimaliza tutajua, itakuwa jioni."

Mrija wa kupumulia, ambao hapa tunauita tuba, uwe bomba tupu lililopinda mara moja. Vifuniko na vali ni vitu vya kuharibika. Mapezi ya miguuni yafunike kisigino na yawe laini; pezi gumu hupendeza dukani na kukukaza misuli ya miguu ukiwa majini.

Mkuki ndio unaowapoteza wengi. Wageni hutujia na bunduki ndefu za mishale zilizotengenezwa kwa ajili ya bahari yenye maji maangavu, wakatuonea huruma kwa vifimbo vyetu. Kanuni yetu ni fupi: mkuki usiwe mrefu kuliko unavyoona. Msimu wa mvua, mito ikishusha udongo wa milimani, mwenye bunduki ndefu humlenga samaki ambaye ncha tayari imempita. Sisi tulitumia mkuki wa mpira: fimbo ya chuma, ncha yenye kibawa kinachofunguka ndani ya samaki, na kitanzi cha mpira kwenye kitako. Unapitisha kitanzi katikati ya kidole gumba na cha shahada, unauvuta mpira kwa kuusogeza mkono mbele kwenye fimbo, unashika. Ukiachia mkono, mkuki unakwenda. Hakuna kifyatulio, kwa hiyo hakuna cha kufyatuka chenyewe ndani ya boti. Chuma chetu kilikuwa kile cha kujengea nyumba, ferabeto nyembamba, iliyonyooshwa na kunolewa. Baharini chumvi ingekila. Ziwani, ukikipaka mafuta, kitadumu kuliko ajira yako. Mpira tuliukata kwenye tyubu za malori. Kabla ya kushuka, uvute na uutazame mbele ya mwanga. Ukiona nyufa nyeupe, utupe, hata kama jana ulifanya kazi.

Kuhusu uzito wa mkanda, naomba nijisifu kidogo. Mzee Hamisi alikuwa amepewa na mzamiaji fulani wa pwani mkanda wenye vipande vya risasi, na aliuvaa kama ulivyo. Nilikaa siku nzima nikifanya hesabu, nikamwonyesha kwamba maji ya chumvi humwinua mtu zaidi ya maji ya ziwa letu, na kwamba mkanda uliopangiwa bahari humfanya atumie pumzi yake ya mwisho kuinua madini. Alicheka mpaka akakohoa. Asubuhi iliyofuata niliona mkanda wake umepungua vipande viwili. Nikaona ni adabu kutouliza.

Tulibishana kuhusu jambo moja tu tusilolimaliza, nalo ni kamba. Nilitaka mzamiaji afungwe kamba inayofika kwa mwenzake wa juu. Yeye alikataa katakata.

"Kamba ni ya mbuzi," alisema. "Ikishika ku mawe, we pia umeshikwa. Mi iko na masikio."

Hoja yake haikuwa ya kijinga; miamba ya Magara, kusini mwa mji, imejaa nyufa zinazopenda kukamata vitu. Basi tukakubaliana kutumia sauti, na mfumo wenyewe niliuandaa mimi. Chuma kikigonga mwamba, sauti husafiri mbali majini. Haikuambii imetoka upande gani, lakini inafika. Pigo moja: nimefika chini. Mapigo mawili: napanda. Mapigo mengi ya haraka: njoo. Aliye juu hulala kifudifudi juu ya maji akiwa na mawe mawili mikononi, na kila pigo moja hulijibu mara mbili, ili wa chini ajue kwamba ana mtu. Tulishuka kwa pumzi zetu tu, bila mitungi, kwa zamu. Haikuruhusiwa wawili kuwa chini kwa pamoja.

Faida ya mfumo huo niliijua siku ambayo ningependa kuisahau. Nilikuwa nimefunga mkuki kwenye kifundo cha mkono kwa uzi, kosa ambalo nawakataza kabisa, na ncha ikaingia katika wavu uliotelekezwa ndani ya ufa. Nilivuta, wavu ukavuta. Niligonga chuma kwenye mwamba bila mpangilio wowote wa kitaaluma. Mzee Hamisi alishuka moja kwa moja na kisu chake kifupi, hakuhangaika na wavu hata kidogo, akakata uzi wa mkononi mwangu na kunisukuma juu kwa kiganja.

Tulipokuwa tumeshikilia ubavu wa boti, mimi nikitapika maji, alisema, "Umegonga sawa polisi ku mulango."

"Nilidhani hutasikia."

"Diploma, mi nasikia ata samaki akibadilisha mawazo."

Nilimwamini. Kwa misimu mingi nilishuka nikiwa na utulivu wa mtu aliyefunga mlango wa nyumba yake na kuukagua. Baadaye kifua chake kilianza kumsumbua, daktari akamkataza kushuka, na kuanzia hapo akawa mtu wa juu tu. Alilichukua kwa mzaha, lakini siku moja tukiwa tunapaka mafuta mikuki alisema bila kunitazama, "Wakinitoa ku maji kabisa, nitakaa ku baraza nahesabu pikipiki. Sitafanya miaka mingi, nitakufa."

Sasa mnaelewa kwa nini jibu lile la mapema liliniganda masikioni. Mtu mwingine angelipuuza. Mimi nilipanda juu na kuanza kuorodhesha maelezo. Huenda alisikia chuma changu kikisugua jiwe. Huenda kulikuwa na boti ya mbali. Huenda mimi ndiye niliyegonga, nikasahau. Kila elezo lilikuwa na uwezekano wake, na hakuna hata moja lililonituliza.

Nilishuka tena. Nilifika chini na kutulia kabisa, mkuki umelala juu ya mapaja. Sikugonga. Baada ya muda ambao kwa kawaida ningekuwa nimegonga, mawe yalilia mara mbili: nimekusikia, endelea.

Nilipanda, nikapumzika, nikashuka mara ya tatu. Safari hii niligonga mwamba mfululizo, kwa nguvu, kama siku ile ya wavu. Njoo. Nilingoja. Jibu lilikuja kwa upole uleule, mara mbili. Endelea.

Niliporudi juu, aliinua uso kutoka majini na kutabasamu.

"Umemukosa ule kuhe?"

"Nimemkosa, Mzee."

"Nilikusikia muzuri. Ulitulia sana."

Alikuwa akijibu kwa hesabu. Alinijua kiasi hicho: pumzi yangu, mwendo wa mapezi yangu, muda ninaouhitaji kufika chini. Alikuwa ameliweka jibu mahali ambapo pigo langu lilipaswa kuwa, na siku zote ambazo mambo yalikwenda sawa, alipatia. Siku ambayo yangekwenda vibaya, angenijibu vizuri vilevile.

Kanuni ya kituo ilikuwa wazi. Asiyesikia habaki juu, na asiyeweza kushuka wala kubaki juu hana kazi ndani ya boti. Kwa neno langu moja kwa mkuu, Mzee Hamisi angepelekwa barazani siku hiyohiyo. Kwa kunyamaza kwangu, Jumatatu ningeshuka Magara, kwenye miamba ya kina zaidi, ambako kuhe walikuwa wakilinda makinda yao, nikiwa sina mtu juu yangu isipokuwa picha ya mtu.

Ijumaa tulikwenda kwa Bwana Nassor kununua tyubu mpya. Mzee Hamisi alikuwa ametupa mgongo, akichagua. Nilisema kwa sauti ya kawaida, "Mzee, mpira huu wa kushoto una ufa." Hakugeuka. Nilirudia. Alikuwa akiuvuta mpira uleule mbovu mbele ya mwanga wa mlango, akiridhika nao. Bwana Nassor aliacha kufunga kifurushi akanitazama.

"Umejua," alisema polepole.

"Wewe umejua tangu lini?"

"Zamani, mbele yako, dada."

"Na hukusema?"

"Mi nauza ndoano. Sizamie." Alirudi kwenye kifurushi chake. "Ule iko chini ndiye atasema."

Jumamosi nzima nilikaa nyumbani Gihosha nikitunga sentensi. Nilitunga ya heshima, ikawa ndefu mno; nilitunga fupi, ikawa tusi. Nilifikiri kudai naumwa. Nilifikiri kuomba mwenza mwingine bila kutoa sababu, nikakumbuka kwamba mji huu haujawahi kukubali jambo bila sababu; usipoitoa, hukutengenezea ya kwake. Hatimaye, kwa uchovu, nikaliuliza jambo hili kama swali la vifaa, ambalo ndilo ninaloliweza. Aliye juu anahitaji nini? Anahitaji kujua kwamba niko hai. Anaweza kulijua hilo kwa sikio, kwa jicho au kwa mkono. Sikio limekwenda. Jicho limezuiwa na tope. Mkono wa Mzee Hamisi, mkono wa fundi uliowahi kutambua boliti iliyolegea bila kuiona, ulikuwa mzima kabisa. Na nyufa za miamba zilikuwa na dawa yake: mkanda unaofunguka kwa mkono mmoja; kamba ikinasa, unaiacha hapohapo.

Lakini kuomba kamba ilikuwa ni kumwambia sababu. Ana kwa ana nisingeweza. Ningetazama chini, naye angenitania, nami ningecheka, tukaenda Magara hivyohivyo. Alasiri ya Jumapili nilimpigia simu. Katika kufikiri kwangu kote, nilikuwa nimesahau jambo moja dogo: nampigia simu mtu asiyesikia.

Alipokea mkewe, Mama Zaituni.

"Allô? Ni nani?"

"Ni Concilie wa kituoni, Mama. Habari za mchana?"

"Muzuri, mutoto wangu. Leta salamu, nitamupatia."

"Hapana, Mama, ni jambo la kazi. Naomba nizungumze naye mwenyewe."

Hakumwita. Nyuma yake nilisikia sufuria zikioshwa uani, na redio.

"Hamisi hashike simu," alisema. "Siku mingi sasa. Ata adhana anaangalia saa ya ku ukuta, kisha anasema, eh, leo muadhini ana sauti nzuri." Akashusha pumzi. "We umejuaje?"

"Alinijibu kabla sijamwita, Mama."

"Utamusema kwa patron?"

"Nimeona nimwambie yeye kwanza. Kesho tunakwenda Magara, na mimi sishuki bila kamba. Ncha moja kwenye mkanda wangu, nyingine mkononi mwake. Nikivuta, atajua. Akikubali, nitamweleza mkuu kwamba tumebadilisha utaratibu, na kwa nini, na kwamba mtu wangu wa juu ni yeyeyule. Akikataa, sina la kumtetea."

Sentensi hiyo niliipenda. Ilikuwa na mizani. Mama Zaituni aliondoa simu mdomoni.

"HAMISI! NI ULE WAKO WA DIPLOMA! ANASEMA MASIKIO YAKO IMEKUFA!"

Nilifumba macho. Uani sufuria zilinyamaza.

"Mama, sikusema hivyo."

"Yeye anasikia hivi tu. Ngoja."

Kwa mbali nilimsikia akiuliza nani anasema, na mkewe akimjibu kwamba ni yule anayeshuka. Halafu redio ikazimwa katikati ya wimbo. Nilijua amesimama. Niliufikiria uso wake, nikaona afadhali kutofikiri.

"Anauliza," alisema Mama Zaituni, "juu ya nini hukusema siku ile ile."

"Mwambie nilitaka kwanza kuwa na uhakika."

Aliupeleka ujumbe kwa sauti ambayo nadhani ilivuka barabara tatu za Buyenzi.

"Anasema mutu wa diploma ata akizama atatafuta kwanza uhakika." Akasita. "Hacheke, lakini."

"Na kamba, Mama? Amesema nini juu ya kamba?"

"HAMISI, KAMBA! ATAVUTA, WE UTASHIKA! UNATAKA AO HAUTAKI?"

 Nilisikia mlango, nyayo, kitu kikiburutwa sakafuni. Nilikuwa nimesimama katikati ya chumba changu, simu sikioni, nikiwa tayari kwa neno lolote. Kisha sauti yake ikaja, karibu na simu sasa, ikimwambia mkewe jambo kwa haraka, kwa ukali.

"Anauliza utanunua wapi."

"Kwa Bwana Nassor. Nitampigia sasa hivi anifungulie."

"Anasema usiguse kitu. We utachukua ile ya nailoni, inateleza ku mukono ukiloa. Anasema yeye ndiye atashika, yeye ndiye atachagua." Akageukia pembeni, akamgombeza mtu kwamba asisahau kofia, kisha akarudi kwangu. "Toka sasa, mutoto wangu, mukutane kwa Nassor. Iko anavaa viatu."